Gesi ya Friji: Kutoka Suneka Hadi Antaktika

Leo naweka kando habari za programu, ingawa tutakutana nazo njiani.

Juzi nilikuwa Suneka, kwenye barabara ya kutoka Kisii kwenda Migori, dukani kwa binamu yangu. Friji yake ya soda ilikuwa imegoma. Fundi akaja, akakata bomba dogo la nyuma, gesi ikatoka fsss! Nikamuuliza, "Fundi, hiyo gesi inaenda wapi?" Akacheka. "Ni hewa tu ndugu yangu, itapotea."

Swali hilo dogo liliwachukua wanasayansi zaidi ya miaka 40 kulijibu.

Friji za zamani zilitumia gesi kama amonia na dioksidi ya salfa. Zikivuja, ziliweza kuua watu ndani ya nyumba. Ndipo mwaka 1928 Mmarekani Thomas Midgley na wenzake walipopata gesi za jamii ya CFC. Hazikuwaka moto wala hazikuwa na sumu kali. Zikaingia kwenye friji na makopo ya kupuliza duniani kote.

Lakini gesi haikai ulipoiweka. CFC ya friji ni nzito kuliko hewa mara nne hivi, kwa hiyo ungedhani italala chini kama maji. Hailali. Chembe zake hazitulii, na upepo huzikoroga na hewa nyingine kama maziwa ndani ya chai. Ukishakoroga, huyatoi tena! Kati ya 1971 na 1972 Mwingereza James Lovelock alipima hewa akiwa melini, akaikuta CFC hata katikati ya bahari, mbali na kiwanda chochote.

Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland wakaeleza mwisho wa safari. Kwa kuwa gesi hizo haziharibiki huku chini, hupanda juu sana, ambako miale mikali ya jua huzivunja na kuachia klorini. Chembe moja ya klorini huweza kuharibu maelfu ya chembe za ozoni, ile ozoni inayotukinga na miale hiyo hiyo.

Sasa wapenzi wa kompyuta, sikilizeni. Satelaiti ya Nimbus 7 ya NASA ilirushwa mwaka 1978, na moja ya kazi zake ilikuwa kupima ozoni. Programu ya kuchambua data iliagizwa hivi: kipimo kikishuka chini ya 180, kitie alama ya shaka. Vipimo vya Antaktika vilipoanza kushuka hivyo, vikatiwa alama na kuwekwa kando. Wengi husimulia kuwa programu ilivifuta. Haikuvifuta, vilikuwa vinangoja binadamu avichunguze. Kabla NASA hawajatangaza lolote, Waingereza watatu, Farman, Gardiner na Shanklin, walichapisha habari za upungufu huo Mei 1985, kwa kutumia kipimo cha kizamani kilichokaa ardhini. Tundu lilikuwemo kwenye data ya NASA pia.

Dawa yake ilipitia hapa kwetu Kenya. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, liliongozwa wakati huo na Mmisri Mostafa Tolba. Yeye ndiye aliyesukuma mazungumzo yaliyozaa Itifaki ya Montreal tarehe 16 Septemba 1987. Nchi zinazoendelea zilipewa hadi mwaka 2010 kuachana na CFC. Wataalamu walikadiria mwaka 2022 kwamba, tukishika mkataba, ozoni ya Antaktika itarudi ilivyokuwa 1980 ifikapo mwaka 2066 hivi.

Je, yamekwisha? Bado. Nyuma ya friji ya binamu nilisoma kibandiko: R134a. Gesi hii haina klorini, haigusi ozoni. Lakini kilo yake moja huongeza joto la dunia, kwa kipindi cha miaka 100, kama zaidi ya tani moja ya kaboni dioksidi. Ndiyo maana tarehe 15 Oktoba 2016 nchi zilikutana Kigali, zikakubaliana kuipunguza pamoja na jamaa zake.

Basi, fundi akija kwako, muulize kwanza kama ana mtungi wa kunasia gesi. Muulize kabla hajakata bomba, maana baada ya hapo ni chai yenye maziwa.

Haya, tuonane tena!