Kati ya visu vya mababu zetu, ningechagua kipi?

Habari ya leo imeanzia hapa Lubumbashi, mtaani Katuba, mbele ya kibanda cha fundi mmoja anayefua majembe na visu kwa chuma cha springi za magari. Kijana anayemsaidia kazi alikuwa na simu mkononi. Akanionyesha picha za visu vya Wamarekani vinavyoitwa Bowie. Kila kimoja kimefuliwa kwa mkono, hakuna viwili vinavyofanana, na watu wanabishana kipi kinashinda vingine. Kisha akaniuliza: « Papa, na sisi tulikuwaka na visu vya kuchagua namna hii? »

Nilimjibu kwamba tulikuwa navyo, tena vingi. Hapo akaongeza la pili: « Na wewe papa, ungechagua kipi? » Nilinyamaza. Nilirudi nyumbani na deni la jibu, na leo ninalilipa.

Wamarekani wanapima namna gani

Jina Bowie linatoka kwa James Bowie, mtu wa kusini mwa Marekani. Tarehe 19 Septemba 1827 alipigana kwa kisu kikubwa kwenye fungu la mchanga la mto Mississippi, karibu na mji wa Natchez, na habari yake ikaenea nchi nzima. Yeye mwenyewe aliuawa vitani Alamo, huko Texas, tarehe 6 Machi 1836. Jina lake lilibaki kwenye kisu.

Mwaka 1976 wahunzi wa Marekani waliunda chama chao, American Bladesmith Society. Anayetaka kutambuliwa na chama hicho analeta kisu alichokifua mwenyewe. Kwanza anakata kwa pigo moja kamba nene ya sentimita 2 na nusu inayoning'inia bila kushikwa chini. Pili anakatakata mbao mara mbili. Tatu, makali yaleyale yaliyokula mbao lazima yaweze bado kunyoa nywele za mkono. Mwisho kisu kinabanwa kwenye chuma na kupindwa mpaka digrii 90, na kisivunjike. Baada ya hapo analeta visu vingine 5, na waamuzi wanatazama usafi wa kazi: je, pande mbili zinalingana? Mpini umekaa vizuri bila nafasi? Mistari imenyooka?

Ni mtihani wa haki. Unauliza maswali mawili: kisu hiki kinafanya kazi, na fundi wake ana mkono mzuri? Nikasema basi, tuvilete visu vya kwetu kwenye mtihani huohuo, tuone.

Fundi aliyezikwa na fuawe

Kabla ya visu, tuwatazame waliovifua. Hatuna haja ya kwenda mbali na Katanga yetu. Kwenye bonde la Upemba, kandokando ya ziwa Kisale, kuna mahali panaitwa Sanga. Mwaka 1957 wachimbuzi wa mambo ya kale, akiwemo Jacques Nenquin, walianza kufukua makaburi pale, na miaka ya 1970 Pierre de Maret aliendeleza kazi. Walikuta vyungu, vyuma na mapambo ya shaba, hii ambayo sisi tunaiita mukuba. Katika bonde hilohilo, mahali panaitwa Kamilamba, walikuta kaburi la mtu aliyezikwa kabla ya mwaka 1000. Karibu na kichwa chake palilazwa fuawe ya chuma, na pamoja naye shoka la heshima ambalo mpini wake ulipambwa kwa misumari.

Fuawe ni chombo cha mhunzi, na shoka lile halikuwa la kukatia kuni. Kwa hiyo zaidi ya miaka 1000 iliyopita, hapa kwetu, kazi ya kufua chuma na heshima ya uongozi vilikuwa tayari vinalala kaburi moja. Baluba waliendelea na fikra hiyo: simulizi zao zinamsifu Kalala Ilunga kuwa mfalme aliyeleta ustadi wa kufua chuma, na pini za nywele za Baluba zilitengenezwa kwa umbo la fuawe.

Chuma chenyewe hakikununuliwa dukani. Mawe yenye chuma yaliyeyushwa kwa makaa katika tanuru la udongo, watu wakipuliza mivukuto saa nyingi. Kilichotoka kilikuwa bonge lisilo sawa, mahali pengine laini na pengine gumu. Mhunzi alilipiga, akalikunja, akalipiga tena mpaka takataka zitoke. Hakuwa na mashine ya kusawazisha. Pande mbili za kisu alizilinganisha kwa jicho na nyundo, kisha akasugua makali juu ya jiwe. Ukikuta kisu cha zamani ambacho mstari wa katikati umenyooka kutoka mpini hadi ncha, ujue uliyemkuta pale ni mtu na jicho lake.

Visu vinavyogombea

Wa kwanza ni kisu cha Mangbetu, watu wa Uele, kaskazini-mashariki ya nchi. Kimepinda kama mundu, na wakati mwingine mpini wake umechongwa kichwa cha mtu. Mwaka 1870 msafiri Mjerumani Georg Schweinfurth alifika kwa mfalme Munza, akastaajabia wahunzi wake. Mfalme alimpokea akiwa ameshika kisu cha namna hiyo, lakini chake kilikuwa cha shaba tupu. Sasa kipeleke kwenye mtihani wa Wamarekani. Kamba hakikati vizuri, mbao zitakiharibu, na ukikipinda digrii 90 kitapinda kwa furaha na kubaki vilevile. Kimeanguka! Lakini Munza alikuwa na askari wengi wenye visu vya chuma. Alishika cha shaba kwa sababu mtu mwenye kutii watu wote hana haja ya kukata kwa mkono wake, na watu wenye kumtii ndio makali yake.

Wa pili ni ngulu, kisu cha Ngombe na majirani wao kwenye jimbo la Equateur. Kina tumbo pana, mipindo miwili, na ncha zinazotazama pande mbalimbali. Kwa macho, hiki kinashinda vyote. Kwa kazi pia ni kizito na hodari. Wasafiri wa Ulaya wa mwisho wa karne ya 19 waliandika na kuchora jinsi kilivyotumika kukata vichwa vya watumwa kwenye matanga ya wakubwa. Hilo si uongo, na hatuna sababu ya kulificha. Lakini kilibebwa pia kama alama ya cheo, na kilichezewa ngoma. Leo katika minada ya Ulaya kinauzwa kwa jina moja tu: kisu cha mnyongaji. Jina hilo linapandisha bei na kufuta mengine yote.

Wa tatu ni liganda ya Lokele na Topoke, watu wa mto karibu na Kisangani. Ni bamba la chuma kama jani la mkuki, refu kwenda mita 1 na nusu na zaidi. Huwezi kukatia kitu. Ni mali: kililipwa katika mahari. Mwamuzi wa kisu hiki alikuwa mzazi wa binti, ambaye alitazama urefu, uzito na usafi wa kazi, akasema « inatosha » au « bado ».

Wa nne si kisu kamili, ni shoka la Basonge, lakini siwezi kulipita. Mpini umevikwa shaba, na chuma chake kimetobolewa, fito zimesokotwa, na juu yake vimefuliwa vichwa vidogo vya watu. Kwa ustadi wa mkono sijaona cha kulishinda. Kama shindano lingekuwa la fundi tu, ningeishia hapo.

Chaguo langu

Lakini mimi ninachagua ikul ya Bakuba wa Kasai.

Ni kisu kifupi chenye umbo la jani, na mpini wa mbao ambao mara nyingi hutiwa nakshi za shaba. Mwanaume wa Kikuba alikivaa kiunoni. Vipo hata ambavyo vimechongwa kwa mbao tupu, kisu kizima, bila chuma. Kwenye mtihani wa kamba, hiki kingechekwa.

Simulizi ya Bakuba inasema hivi. Katika karne ya 17 alitawala mfalme Shyaam a-Mbul a Ngoong, ambaye alisafiri mbali kabla ya kutawala na kurudi na maarifa mengi. Wakati ule silaha ya kuogopwa ilikuwa shongo, kisu cha kurusha chenye ncha nyingi. Shyaam aliikataza. Na alama inayomkumbusha ni ikul, kisu cha amani.

Mtu anaweza kusema hayo ni maneno ya wazee. Lakini tazama sanamu za wafalme zinazoitwa ndop. Mwaka 1908 mtafiti Emil Torday alifika Mushenge, makao ya mfalme wa Bakuba, na aliondoka na sanamu kadhaa ambazo leo ziko British Museum, London. Ya Shyaam ina ubao wa mchezo wa kisolo mbele yake. Mfalme amekaa, mkono wa kulia uko juu ya goti, na mkono wa kushoto umeshika ikul, mpini ukielekea nje. Wafalme wangeweza kuchongwa na mkuki au upanga. Walichagua kukumbukwa na kisu kidogo, tena katika mkono ambao watu wengi hawapigani nao.

Hapo ndipo nilipoona kwamba mtihani wa Wamarekani ni mzuri, ila una pengo. Unauliza kisu kinaweza kufanya nini. Mababu zetu waliuliza pia: anayekishika amekubali kutofanya nini? Kwa swali la kwanza ikul ni ya mwisho. Kwa swali la pili ni ya kwanza. Na katika nchi iliyochoka kusikia habari za mapanga kila wiki, mimi nina haki ya kuuliza swali la pili.

Kwa nini tuchague sasa

Huenda mtu akaona haya ni mazungumzo ya kupitisha jioni. Sivyo. Mwezi wa Februari 2022 serikali ya Ubelgiji ilimkabidhi Waziri Mkuu wetu wa wakati ule, Sama Lukonde, orodha ya vitu karibu 84,000 vya Kongo vilivyo katika jumba la makumbusho la Tervuren, jumba lililozaliwa na maonyesho ya mwaka 1897 ya mfalme Leopold II. Mwezi wa Juni mwaka huohuo mfalme Philippe alileta Kinshasa barakoa ya Kakuungu, kwa mkopo usio na mwisho. Mlango umefunguka kidogo.

Siku vitu vikirudi, kutakuwa na mtu wa kuandika karatasi ndogo inayowekwa chini ya kila kimoja. Kama sisi wenyewe hatujui kuvipima, karatasi itaandikwa « kisu cha mnyongaji » kama ilivyoandikwa kwenye minada, na watoto wetu watasoma hivyo. Ikiwa tunajua, tutaandika: hiki ni cha mahari, hiki ni cha cheo na kiliua pia, hiki ni cha amani.

Nilirudi Katuba kumpa kijana jibu langu. Alilisikiliza lote, kisha akasema: « Papa, mimi bado nachagua ile ngulu. » Fundi wake akacheka. Sikukasirika, maana alishaacha kuangalia picha za Bowie na alikuwa akichora ngulu kwa makaa ukutani mwa kibanda, mpindo wa kwanza, mpindo wa pili. Ukweli ni kwamba wa pili ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza. Fundi alimwambia afute aanze tena.

Na ninyi wasomaji, mngechagua kipi? Mwenye mzee nyumbani anayejua kisu cha kwao na amuulize leo, kisha atuletee jina lake na kazi yake.