Mahari ni ya Nani? Neno Moja na Mila Mbili katika Posa ya Levolosi

Katika sebule moja ya Levolosi, mjini Arusha, si mbali na kituo cha afya, washenga kutoka Kiranyi walikutana na swali ambalo hawakulitegemea. Walikuwa wamekuja kumposea kijana wao binti wa Kirangi aliyezaliwa na kukulia mtaani hapo. Kijana ni Mwarusha aliyesilimu akiwa chuoni. Wazee wake ni Wakristo wa Kilutheri, isipokuwa mmoja ambaye hakuwahi kufuata dini yoyote zaidi ya ile ya babu zake. Walileta asali, sukari na blanketi mbili, pamoja na taarifa ya ng'ombe waliokwisha kutengwa zizini. Msemaji wao alipomaliza kuhesabu, baba wa binti alishukuru, akatulia kidogo, kisha akasema: "Wazee wangu, nimewasikia. Ila hayo mliyoyataja mnampa nani? Mahari ni ya binti. Mimi si halali yangu kuyala."

Nilikuwepo kama jirani, nimekaa karibu na mlango pamoja na vijana wa kugawa soda. Niliona wageni wakitazamana. Kwao ng'ombe hawezi kupewa binti. Binti ndiye sababu ya ng'ombe kwenda kwa baba. Kwa mwenyeji, ambaye ni Mwislamu, baba anayepokea mahari ya mwanawe anamlia haki yake. Na pande zote mbili zilikuwa zikitumia neno lile lile, kwa Kiswahili safi, kila mmoja akiamini anaeleweka.

Tunapozungumzia kuchanganya mila katika harusi, macho yetu huenda ukumbini. Huko mchanganyiko ni rahisi na unapendeza. Mfano wake mkubwa ni ndafu: mbuzi mzima aliyebanikwa, anayeletwa mbele ya maharusi akiwa na majani mdomoni. Ni desturi ya Uchaggani, lakini leo utaiona Mwanza na Dar es Salaam kwa maharusi wasio na hata shemeji mmoja Mchagga. MC hutangaza ndafu kama anavyotangaza keki, kamati huipangia fungu lake la bajeti, watu hupiga picha. Sina ugomvi na furaha hiyo. Ninachodai ni kwamba ukumbini mila hukusanywa tu, hazichanganywi: shuka la Kimaasai likikaa kando ya kitenge na suti, hakuna anayelazimika kubadili wazo lake juu ya ndoa. Mila huchanganyika pale zinapogombana, na zinagombana siku ya posa, juu ya mambo matatu: nani anatoa, nani anapokea, na kilichotolewa kinaitwaje. Hilo la tatu, la jina, ndilo sisi wasomi tumelipuuza zaidi.

Kabla ya kulifikia jina, niseme neno kuhusu hofu ya wazee wengi wa mlimani, kwamba ndoa za mjini zinachafua mila. Mila za Mlima Meru wanazozilinda ni matunda ya mchanganyiko wa zamani. Waarusha ni watu wa lugha ya Kimaa waliotoka Arusha Chini na kuhamia mteremko wa kusini magharibi mwa mlima katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Waliwakuta Wameru, wenye lugha iliyo jamaa ya Kichagga na wenye migomba. Pande hizo zilipigana, na pia zilioana. Thomas Spear, katika kitabu chake *Mountain Farmers* cha mwaka 1997, anaonyesha jinsi Waarusha walivyokuwa wakulima wa mlimani, nao Wameru wakachukua mfumo wa marika kutoka kwa Waarusha. Hata loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, kila upande huidai kuwa ni yake, na sidhani upande wowote unadanganya. Hivyo mzee anayesema mila isiguswe analinda makubaliano ambayo babu zake waliyafikia kwa shida, wakiwa na wakwe wasiofanana nao. Hilo ni jambo la kuheshimiwa. Halimpi sababu ya kuwakataza wajukuu wake kufikia ya kwao.

Sasa jina. Mwaka 1931, E. E. Evans-Pritchard aliandika katika jarida la *Man* akiwataka wanaanthropolojia waache istilahi ya Kiingereza iliyoifanya mali inayotolewa kwa wakwe ionekane kama bei ya mwanamke, akapendekeza nyingine iliyomaanisha mali ya arusi. Mjadala ule ulisafisha lugha ya Waingereza. Kiswahili kilibaki na tatizo lake, nalo ni la aina nyingine kabisa: sisi tuna neno moja kwa vitu viwili. Mahari tumeyapata kwa Waarabu pamoja na sheria ya Kiislamu, na katika sheria hiyo, kama Surat an-Nisaa aya ya 4 inavyoelekeza, ni mali ya mke mwenyewe. Bara tumelichukua neno hilo hilo tukaiitia mifugo inayokwenda kwa ukoo wa mke. Mtu anayeandika kwamba makabila yote ya Tanzania yana mahari amesema kweli kwa sauti na amekosea kwa maana.

Waswahili wa pwani walilijua tatizo hili na walilitatua zamani. Pembeni ya mahari ya binti waliweka majina ya haki za wengine: kilemba cha baba, mkaja wa mama, ubeleko. Tazama jinsi majina hayo yanavyosema sababu ya kutolewa kwake. Mkaja ni kitambaa ambacho mama hujifunga tumboni baada ya kujifungua. Ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Anayepewa mkaja anashukuriwa kwa uchungu, anayepewa ubeleko anashukuriwa kwa mgongo wake, na hakuna anayeweza kusema ameuza mtoto. Kwa sehemu kubwa, neno mahari lilipopanda bara lilipanda peke yake, nduguze wakabaki pwani. Likakuta mlimani kuna blanketi la babu, asali ya wazee, mbuzi na kondoo wenye kazi maalumu, likavifunika vyote kwa shuka moja. Ndiyo maana leo orodha ya posa inaonekana kama ankara ya dukani. Vitu vilivyokuwa na majina yao sasa ni mistari ya orodha yenye jumla chini.

Sheria haitusaidii sana katika hili, na pengine haikukusudiwa kutusaidia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka chini ya paa moja ndoa za kiserikali, za kidini na za kimila, na kifungu chake cha 41 kinasema ndoa haibatiliki kwa sababu tu mila ya mahari au ya zawadi haikutimizwa. Ninaiunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu imewaondolea wazazi silaha ya kuivunja ndoa ya watu wazima kwa deni la ng'ombe. Lakini matokeo yake ni kwamba uzito uliobaki katika mahari ya kimila ni uzito wa maana peke yake. Kitu ambacho hakidaiwi na sheria kinaishi kwa kueleweka. Kisipoeleweka kinageuka kero, na vijana wana haki ya kukikimbia.

Turudi sebuleni. Aliyefungua njia alikuwa yule mzee wa dini ya babu zake, mkubwa kuliko wote. Hakubishana kuhusu halali. Aliuliza: kama ng'ombe siyo mahari, je, mwenyeji anakataa urafiki? Akaeleza kwamba kwa watu wa Kimaa mtu na mtu wakipeana ng'ombe hawaitani tena kwa majina yao, huitana *pakiteng*. Wakipeana kondoo huitana *paker*. Hata bibi arusi anapofika kwa wakwe na kupewa mnyama na kila mmoja, mnyama huyo ndiye anayekuwa jina la kuitana kati yake na aliyempa. "Sikuleta bei," alisema. "Nimekuja kutafuta jina la kukuita."

Baba wa binti alilipima hilo neno kwa muda. Kisha alimtuma mkewe ndani kumuuliza binti mahari anayoitaka. Jibu lilirudi: Msahafu, na cherehani ya umeme. Washenga walikubali papo hapo, na yakaandikwa peke yake, kwenye karatasi yake, kama mahari. Ng'ombe wakahamia karatasi ya pili. Juu ya karatasi hiyo mwandishi alitaka kuandika "zawadi", mzee akakataa, ikaandikwa "upakiteng", neno ambalo naamini liliandikwa kwa Kiswahili siku hiyo kwa mara ya kwanza. Kiambishi cha Kiswahili juu ya mzizi wa Kimaa, ndani ya nyumba ya Warangi: kama kuna mahali nimeshuhudia mila mbili zikichanganyika, ni pale.

Sitaki kuificha sehemu inayonikera. Kwa desturi ya wageni, binti asingeulizwa. Sauti yake iliingia sebuleni kwa sababu dini ya baba yake iliidai, na iliingia kwa kupitia mdomo wa mama. Wapo wataalamu wanaoonya dhidi ya kuchagua kati ya mila kana kwamba ni bidhaa sokoni, na onyo lao lina hekima. Hata hivyo familia mbili zinazooana haziwezi kukwepa kuchagua. Zisipochagua kwa makusudi, atachagua mwenye fedha nyingi au sauti kubwa. Kipimo changu ni chepesi kukisema: desturi mbili zikigongana, ipewe nafasi ile inayomruhusu mwenye ndoa kusema. Posa ile ilikitimiza kipimo hicho kwa nusu. Ningependa binti angekaa sebuleni.

Kinachoua mchanganyiko wa aina hii ni bahasha. Ng'ombe akigeuzwa kuwa fedha, pande mbili hupatana haraka, kwa kuwa fedha haina kabila. Na kwa sababu hiyo hiyo haimfanyi mtu kuwa pakiteng wa mwenzake. Najua hoja ya upande wa pili: baba wa binti, mwenye kibanda Soko la Kilombero, atafuga wapi ng'ombe? Uani kwa mzee huyo hakuna hata nafasi ya kuku kugeuka. Walichofanya ni kuwageuza fedha ng'ombe wote isipokuwa mtamba mmoja, akabaki Kiranyi kwa ami yake bwana harusi, akiwa mali ya mzee wa Levolosi. Waliochukulia jambo hili kama maonyesho hawakuelewa. Mtamba aliye hai, mwenye kuugua na kuhitaji majani, anawalazimisha watu wawili kuzungumza mwaka mzima.

Harusi yenyewe sitaieleza. Nikahi ilifungwa, watu wakala pilau, na ukumbini ilikuwepo ndafu. Nataja jambo moja tu. Kwa jadi ya Kimaa bibi arusi akiondoka kwao hageuki nyuma. Gari lilipokuwa linawashwa, shangazi yake, mama wa Kirangi kutoka Kondoa asiye na sababu yoyote ya kuijali desturi hiyo, alinyoosha mkono dirishani akakikunja kioo cha pembeni upande wa bibi arusi, kisha akamwambia dereva ageuze na kile cha ndani mpaka wavuke kona. Dereva alitii. Hakuna aliyemwagiza mama yule, na wakwe walikuwa gari la mbele, hawakuona.

Mtamba sasa amezaa, ndama jike. Mwenye kibanda amepata taarifa kwa simu, na haijulikani bado kama ndama anahesabiwa ndani ya upakiteng au ni wa aliyemlisha mama yake. Binti naye ametuma ujumbe kwa baba kuuliza kama na yeye ana fungu. Jumapili mzee amepanda Kiranyi na kilo tano za sukari, kwenda kumsikiliza mwenzake.