Majina Yaliyoandikwa na Majina Yaliyosahauliwa: Kusoma Historia ya Tiba ya Nchi Yetu katika Intaneti



Shuleni tumezoea kusoma historia ya sayansi kana kwamba yote ilitendeka mbali nasi. Tunajifunza habari za Pasteur na Koch, tunataja Paris na Berlin, kisha tunafunga daftari. Kumbe sehemu ya historia hiyo ilitendeka katika ardhi yetu, na maandishi yake hayako mbali tena. Leo mwanafunzi wa Katuba au wa Kamalondo mwenye simu na mega chache anaweza kufungua vitabu ambavyo zamani vilidai safari ya Ulaya. Maktaba ya Wellcome ya mjini London, Internet Archive ya Marekani, na hazina ya maandishi ya Shirika la Afya Duniani zimeweka wazi, bila malipo, maelfu ya vitabu na taarifa za tiba. Katika hizo zimo habari za Kongo. Hazina hii ina utajiri mwingi, lakini pia ina ukimya wake, na msomaji mwenye busara husikiliza yote mawili.

Tuanze na Kasongo, katika Maniema. Mwaka 1903 Chuo cha Tiba ya Nchi za Joto cha Liverpool kilituma waganga Kongo kuchunguza ugonjwa wa malale. Wawili kati yao, Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd, walipanda mto mpaka mashariki ya nchi. Huko walikuta homa nyingine, ambayo humwacha mgonjwa kwa siku chache kisha humrudia. Walionyesha kwamba homa hiyo huletwa na kupe laini aitwaye papasi, ambaye hujificha katika vumbi la sakafu na nyufa za kuta, akatoka usiku kuwauma waliolala. Karibu wakati uleule, waganga wa Uganda nao walikuwa wamefikia jambo hilo. Dutton mwenyewe aliambukizwa katika kazi yake, akafa Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na umri wa miaka 30. Taarifa yao ilichapishwa mwaka huohuo. Kijidudu cha homa hiyo kinaitwa mpaka leo Borrelia duttonii, kwa kumkumbuka.

Ni haki kumheshimu kijana aliyetoa maisha yake kwa ajili ya elimu. Hata hivyo, tukisoma kwa makini, tunakuta neno lingine katika maandishi ya zama hizo: kimputu. Hilo ndilo jina ambalo wenyeji walimwita mdudu yule kabla ya wageni kufika na hadubini zao. Watu waliolala katika vibanda vya wasafiri kando ya njia za misafara walijua kwamba kuumwa na kimputu kunaleta homa. Waganga wa Liverpool walileta uthibitisho: walimwona kijidudu katika damu, na wakafanya majaribio kwa nyani. Lakini ujuzi wa kwanza, ule wa kumshuku mdudu, ulikuwa tayari umo kijijini. Jina la mganga limebaki katika sayansi. Majina ya wenyeji waliomwonya msafiri asilale katika kibanda fulani hayakuandikwa.

Kutoka Kasongo twende Yambuku, katika mkoa wa Equateur wa wakati ule, miaka 71 baadaye. Kisa hiki kinatugusa kwa karibu, kwa sababu kilianzia katika hospitali ya misheni ya Kikatoliki. Taarifa ya Tume ya Kimataifa, iliyochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1978, inapatikana katika intaneti, na tunawashauri mwisome. Inaeleza kwamba kati ya Septemba na Oktoba 1976 waliugua watu 318, wakafa 280. Inaeleza pia jambo lenye uchungu: kila asubuhi wauguzi walipewa mabomba matano tu ya sindano, nayo yalitumiwa kwa mgonjwa mmoja baada ya mwingine bila kuchemshwa ipasavyo. Wengi waliambukizwa kwa njia hiyo. Kati ya watumishi 17 wa hospitali, 11 walifariki, na hospitali ikafungwa.

Hapa historia inatufundisha ukweli usio rahisi. Masista na wauguzi wale walikuwa watu wa huruma, na baadhi yao walikufa pamoja na wagonjwa wao. Lakini huruma isiyo na vifaa wala ujuzi wa kutosha iligeuka kuwa njia ya mauti. Taarifa hiyo haikuficha habari hii, na kwa kutoificha imeokoa wengi, maana hospitali za baadaye zilijifunza hatari ya sindano isiyo safi. Anayependa misheni haogopi kusoma ukurasa huo.

Taarifa hiyohiyo inatudai swali la majina. Mganga Mkongo Jean-Jacques Muyembe alikuwa miongoni mwa wanasayansi wa kwanza kufika Yambuku. Alipima wagonjwa na kuchukua damu kwa mikono mitupu, bila kujua ni ugonjwa gani alioushika. Alimsindikiza sista mgonjwa mpaka Kinshasa, na damu ya sista huyo ilipelekwa Antwerp, Ubelgiji, ndani ya chupa ya thermos. Kwa miaka mingi masimulizi ya kigeni kuhusu ugunduzi wa Ebola yalitaja zaidi maabara za Ulaya na Marekani. Jina la Muyembe lilisikika kidogo. Yeye aliendelea na kazi. Mwaka 1995, huko Kikwit, yeye na wenzake walitia damu ya watu waliopona katika miili ya wagonjwa wanane, na saba wakapona. Kutokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit ilipatikana baadaye dawa iliyokubaliwa rasmi Marekani mwaka 2020.

Basi, unapofungua maandishi kama hayo katika simu yako, uwe na maswali matatu. Nani ameandika, na kwa ajili ya nani? Nani ametajwa kwa jina, na nani ameitwa tu «mwenyeji», «mtumishi» au «mgonjwa»? Na mtu huyo asiye na jina, yeye angesimulia nini?

Mji wetu una mfano mwema wa jibu. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumbani, historia ya mji uliokuwa bado ukiitwa Elisabethville. Aliiandika kwa Kiswahili cha hapa, kile tunachokisema sokoni. Maandishi hayo yanaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliyachapisha kitabuni mwaka 1990, na leo yanasomwa katika intaneti na watu wa dunia nzima. Si kitabu cha tiba, lakini kinathibitisha kwamba mpishi na mfuaji nguo wanaweza kuwa waandishi wa historia. Vivyo hivyo Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu maisha ya wafanyakazi wa Union Minière na Gécamines, aliunganisha karatasi za kampuni na masimulizi ya wafanyakazi wenyewe.

Lakini kuna mengi ambayo hakuna tovuti inayoyahifadhi. Katika parokia zetu wamo wazee waliokuwa wauguzi katika hospitali za kampuni, wakunga waliopokea watoto wa kambi nzima, na mama waliopanga foleni kwa ajili ya chanjo. Wanajua ni dawa gani ilitolewa, nani aliikataa, na kwa nini. Mzee akifariki, maktaba yake inafungwa, na hakuna mega zitakazoifungua.

Kwa hiyo tunawaalika, vikundi vya vijana, kufanya kazi mbili pamoja. Someni taarifa moja ya zamani, mkiandika pembeni kila mtu aliyetajwa bila jina. Kisha mwendeni mama au mzee mmoja aliyehudumia wagonjwa, mwombeni ruhusa, mkamsikilize bila haraka, mkaandike maneno yake kwa Kiswahili chake, pamoja na mwaka, mahali na, akikubali, jina lake kamili.