Si uvivu, ni ugonjwa

Jamani, kama ndiyo kwanza daktari kakuambia una nakolepsia, usidhani umeanza wewe. Mwaka 1880 daktari Mfaransa, Jean-Baptiste Gélineau, aliupa ugonjwa huu jina baada ya kumwona muuza mapipa ya mvinyo wa miaka 38. Bwana yule alipitiwa na usingizi ghafla, hata mara 200 kwa siku. Akicheka sana, au akiona biashara nzuri inanukia, miguu inamlegea (faida inakuangusha, fikiria!). Mwaka 2000 ndipo watafiti walipoonyesha kwamba ubongo wa wagonjwa wengi umepoteza seli zinazotengeneza hipokretini, kemikali inayotuweka macho. Miaka 120 hiyo, wangapi walifukuzwa kazi kwa "uvivu"? Bosi wako akianza hadithi hiyo, mpelekee cheti cha daktari.