Baragumu Lililotoka Ziwani

Mwishoni mwa karne ya 18, katika tope la ziwa dogo la Loughnashade, wilayani Armagh kaskazini mwa Ireland, yaliibuliwa mabaragumu manne ya shaba nyeusi pamoja na mafuvu na mifupa ya watu. Matatu yamepotea, lililobaki limo katika Makumbusho ya Taifa mjini Dublin. Ni kazi ya mafundi wa takriban miaka 2,000 iliyopita: bamba jembamba lilifuliwa, likakunjwa kuwa bomba la zaidi ya mita 1.8, kisha kingo zake zikashikishwa kwa ribiti ndogondogo, na mwisho wake mpana ukavikwa sahani ya nakshi. Karibu na ziwa hilo ipo Emain Macha, makao ya wafalme wa Ulster katika masimulizi ya kale, na wataalamu wengi huyahesabu mabaragumu hayo kuwa sadaka iliyotoswa majini kwa makusudi.

Mwaka 1998 fundi John Creed alifua nakala, naye mpiga tromboni John Kenny akaitungia muziki mpya. Mtu anaweza kupinga: kwa nini chombo cha kale kibebeshwe nyimbo za leo badala ya kupigiwa nyimbo za wenyewe? Pingamizi hilo linadhani nyimbo hizo zipo. Hazipo. Ireland ya Enzi ya Chuma haikuacha hata noti moja iliyoandikwa. Maji yalihifadhi shaba, pumzi ya mpigaji ikapotea. Kwa hiyo kila sauti itakayopigwa humo ni utunzi wa sasa, apende mtunzi asipende, na anayeitangaza kuwa muziki wa kale anamdanganya msikilizaji.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba utunzi huo basi ni ndoto tupu. Hapa sikubali. Bomba lisilo na matundu ya vidole halimtii mtunzi: hutoa sauti zake za asili tu, zikipanda kadiri mpigaji anavyokaza midomo (hata siwa yetu ya Lamu, ingawa hupulizwa ubavuni, ina mipaka ya namna hiyo). Hata umbo lina ubishi, kwani mtafiti na mpigaji Simon O'Dwyer anashikilia kwamba vipande vya bomba viliungwa kwa mkunjo wa S, si upinde mmoja kama ilivyozoeleka. Ubishi wa aina hiyo hauamuliwi kwa kutazama kabati la kioo pekee. Lazima mtu abebe nakala, aisimamishe, aipulize, aone bega linachoka wapi na sauti inaelekea wapi. Mtunzi anayedai sauti ngumu humlazimisha mpigaji kuufikia ukingo wa uwezo wa chombo, na ukingo huo ni ushahidi wa kihistoria. Chombo cha kale chenyewe hakiguswi.

Waandaaji wa matamasha nawaomba jambo dogo: katika ratiba, kando ya jina la baragumu, andikeni jina la mtunzi na mwaka alioutunga muziki huo.