Nani Aliyebuni M-Pesa?

Liulize swali hili kijiweni, utapewa majibu chungu nzima. Huyu atasema ni Wazungu wa Vodafone, yule ataapa kwamba ni Safaricom. Mimi nina jibu langu, na mtakaonicheka chekeni: waliomaliza kuibuni ni watumiaji wenyewe.

Tuanze mwanzo. Oktoba 2005 huduma hii ilianza kujaribiwa Nairobi na Thika kwa wateja wapatao 500. Fedha zilitoka Vodafone na serikali ya Uingereza; mtandao ulikuwa wa Safaricom. Kumbe shabaha haikuwa kutumiana pesa! Ilikuwa mikopo. Wateja wa Faulu Kenya, shirika la mikopo midogo, wapokee mkopo kwa simu na kuulipa kwa simu. Basi, hayo tu.

Lakini ukishampa mtu jembe, huwezi kumchagulia shamba. Wenye biashara wakaanza kulaza mauzo ya jioni ndani ya simu, maana benki zilikuwa zimefungwa na usiku una wenyewe. Msafiri akaweka pesa kwa wakala wa mji mmoja, akasafiri mfuko mtupu, akazitoa mji wa pili. Wengine walinunua kredo wakawatumia jamaa zao mashambani. Wako hata waliomlipia mwenzao mkopo, naye akawafanyia kazi.

Faulu nao? Kwao mambo yalikuwa magumu. Hesabu zao zilizoea mikutano ya vikundi, na malipo ya simu yakawaongezea kazi. Kitu kilekile, mazoea tofauti, jibu tofauti.

Wale wateja walifundishwa na nani? Na maisha. Kwetu tulikuwa na bahasha. Mama aliifunga kwa gundi, akaandika jina la nyanya, akamkabidhi dereva wa basi, kisha akakosa usingizi mpaka habari zirudi, pengine wiki nzima. Moja haijafika mpaka leo. Mtu kama huyo ukimletea kitu kipya, hana haja na urembo wake. Anauliza neno moja: imefika? Ndiyo maana ule ujumbe mfupi, unaomjia aliyetuma na aliyetumiwa, ulimshika mama kuliko tangazo lolote. Aliusoma mara tatu. Jina la nyanya lilikuwa mle ndani.

Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, walioongoza kazi ile, hawakuwakaripia wateja ati wanakosea matumizi. Waliwatazama, wakajifunza. Machi 2007 huduma ilipofunguliwa kwa Kenya nzima, mikopo iliwekwa kando, na wito ukawa mmoja: tuma pesa nyumbani. Kufikia Machi 2008 watu takriban milioni 2 walikuwa wamejiandikisha.

Historia hupenda majina ya wakubwa, na wale 500 hawatajwi popote. Lakini bila wao, huenda tungekuwa na njia nyingine tu ya kulipia madeni.

Sisi vijana ni hodari wa kumcheka mzee anayeigeuza-geuza programu mpya kisha akaikataa. Eti mshamba. Mimi siku hizi nafunga mdomo kwanza, halafu namwuliza: mzee, ni bahasha yako ipi ambayo haikufika?