Tarehe ya Mashine ya Spangler na Mafundi Wanaoifufua

Hii ni tarehe ya vifyonza vumbi vya zamani, na ya watu wanaovikusanya, kuvifungua, kuvisafisha na kuvirudisha kazini. Naianza kwa James Murray Spangler wa Canton, jimbo la Ohio, Marekani, kwa kuwa jina lake limekaa chini ya jina la tajiri wake zaidi ya miaka 100, na wenye kujua wamenyamaza mno.

Kabla yake walikuwapo wengine, nao wana haki ya kutajwa. Daniel Hess wa Iowa alipata hataza mwaka 1860 kwa fagio lenye brashi ya kuzunguka na mivukuto. Ives McGaffey wa Chicago akaja na Whirlwind mwaka 1869, mashine ambayo mtumiaji aliisukuma huku akizungusha mpini kwa mkono. Zinazojulikana kusalia ni mbili tu. Melville Bissell alipata hataza ya fagio la zulia lenye magurudumu mwaka 1876, na fagio hilo halikufyonza kitu. John Thurman wa St. Louis akapata yake mwaka 1899, lakini mashine yake ilipuliza vumbi badala ya kulifyonza. Hao ndio waliotangulia.

Spangler alizaliwa mwaka 1848 Pennsylvania, akakulia Ohio. Kubuni vitu kulikuwa ndani ya damu yake. Mwaka 1887 alipata hataza ya mashine ya kuvunia nafaka, mwaka 1893 ya reki ya nyasi kavu, mwaka 1897 ya kigari cha kuendeshwa kwa miguu. Vyote vitatu havikumtajirisha. Alipokaribia umri wa miaka 60 alikuwa mfagizi katika duka kubwa la Zollinger mjini Canton, akisafisha mazulia usiku wateja wakishaondoka. Naye alikuwa na pumu. Kila alipopitisha fagio lake la magurudumu, vumbi lilipanda likamwingia kifuani, na usiku wote akawa anakohoa.

Mtu mwingine angeacha kazi. Spangler alikaa akalitazama lile fagio. Akaona kwamba brashi inafanya kazi yake sawasawa, inalitoa vumbi ndani ya nyuzi za zulia, ila hakuna kinacholidaka vumbi likishatoka. Basi akachukua sanduku la sabuni, akatia ndani feni na mota ndogo ya umeme, ambayo wazee husema aliitoa kwenye cherehani. Akafunga brashi ya kuzunguka mbele, mpini wa fagio nyuma, na foronya ya mto ikawa mfuko wa kupokea uchafu. Hii ilikuwa mwaka 1907. Mashine ilitikisika na kupiga kelele, lakini vumbi liliingia kwenye foronya wala halikuingia kifuani mwake. Tarehe 2 Juni 1908 serikali ya Marekani ikampa hataza namba 889,823.

Naomba msomaji aishike namba hiyo, maana ugomvi wote unarudi hapo.

Waingereza hawakubali. Wao husema baba wa kifyonza vumbi ni Hubert Cecil Booth, mhandisi mzaliwa wa Gloucester, mjenzi wa madaraja na magurudumu makubwa ya kubembea. Mwaka 1901 Booth alikwenda Empire Music Hall, London, akaona Mmarekani mmoja akionyesha mashine ya kupuliza vumbi. Akauliza kwa nini haifyonzi. Akajibiwa kwamba haiwezekani. Akaenda kwenye mgahawa, akaweka leso juu ya kitambaa cha kiti, akavuta hewa kwa mdomo mpaka akapaliwa, na leso ikabaki na duara la uchafu. Mwaka huohuo akapata hataza.

Mashine yake ilikuwa ajabu, na ajabu haikatazwi kusimuliwa. Ilipakwa rangi nyekundu, ikavutwa na farasi, na injini yake ikaunguruma barabarani huku mipira mirefu ikipitishwa madirishani hadi vyumbani. Watu waliiita Puffing Billy. Mabibi wakubwa wa London waliwaalika wenzao kunywa chai ili watazame vumbi la nyumba likitoka, na Booth alitia vipande vya kioo kwenye mipira ili lionekane likipita. Mwaka 1902 mashine zake zilisafisha mazulia ya Westminster Abbey kabla ya kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, na mfalme akanunua za kasri zake. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia zilipelekwa kusafisha jumba la Crystal Palace, na inasemwa zilitoa tani 26 za vumbi. Husimuliwa pia kwamba vijana wa Booth walisimamishwa na polisi walipotoka kusafisha kiwanda cha sarafu cha serikali, kwa sababu ndani ya vumbi lao mlikuwa na unga wa fedha.

Yote hayo tunayakubali. Lakini mashine ile ilihitaji farasi, dereva, injini na wafanyakazi, na mwenye nyumba alilipia kusafishiwa kama anavyolipia kupakiwa rangi. Haikuwa na brashi ya kuzunguka, ilinyonya kwa mpira tu. David Kenney, fundi bomba wa New Jersey, naye alipitisha mabomba ya kufyonzea vumbi ndani ya kuta za majumba ya matajiri. Mashine ambayo mtu mmoja anaisimamisha, anaichomeka kwenye soketi ya taa, anaisukuma kwa mkono mmoja, brashi inapiga, feni inavuta, mfuko unapokea, hiyo ni ya Spangler, na kila kifyonza vumbi cha kusimama kilichotengenezwa tangu siku hiyo ni mtoto wake. Anayebisha afungue Hoover yoyote ya kusimama ya miaka ya 1920, ndani yake atakuta mpangilio uleule wa sanduku la sabuni.

Turudi Canton. Spangler hakuwa na mtaji. Mashine chache alizotengeneza alizionyesha kwa watu aliowajua, mmoja wao Susan Hoover, ambaye wengi humtaja kuwa binamu yake. Susan aliitumia nyumbani, akampelekea habari mumewe William Henry Hoover, mwenye kiwanda cha matandiko ya farasi huko New Berlin, mji ambao sasa unaitwa North Canton. Hoover alikuwa akiona magari yanaanza kuchukua nafasi ya farasi, na ngozi zake zinakosa wanunuzi. Mwaka 1908 akainunua hataza, akatenga kona ndani ya kiwanda cha ngozi, na mashine zikaanza kutoka chache kwa siku. Ya kwanza iliitwa Model O. Spangler akabaki kiwandani, akilipwa fungu kwa kila mashine.

Hoover alikuwa mfanyabiashara hodari, hilo halina ubishi. Mwezi Desemba 1908 alitangaza katika jarida la Saturday Evening Post kwamba anayetaka aandike barua, atapewa mashine aijaribu siku 10 bila malipo. Barua zikaja kwa mamia. Badala ya kumpelekea mtu mashine moja kwa moja, aliipeleka kwa duka la karibu na mwandishi wa barua, akamwahidi mwenye duka kamisheni. Kwa njia hiyo akapata mawakala nchi nzima. Ustadi huo wa kuuza ni wake. Ubunifu si wake.

Spangler alifariki Januari 1915, siku moja kabla ya kuanza safari ya mapumziko kwenda Florida. Familia yake iliendelea kulipwa hadi mwaka 1925. Kampuni ikachukua jina la Hoover, na jina la mfagizi likabaki kwenye makaratasi.

Vizazi vya mashine vilivyofuata wakusanyaji huvitaja kama watu wanavyotaja babu zao. Model 700 ya mwaka 1926 ilileta brashi yenye vyuma vya kupiga zulia ili mchanga wa chini uruke juu ya nyuzi. Model 150 ya mwaka 1936 ilichorwa na Henry Dreyfuss, ikavishwa kofia ya bakelaiti na kupunguzwa uzito kwa magnesi. Ndiyo mashine ambayo wakusanyaji wengi huiota. Katika miaka ya 1950 ikaja Constellation, mviringo kamili, iliyoelea juu ya hewa yake yenyewe. Nje ya ukoo huu wapo Electrolux wa Sweden wa Axel Wenner-Gren, ambao Model V yao ya mwaka 1921 iliteleza sakafuni juu ya vyuma viwili. Wapo Kirby wa Cleveland. Wapo Air-Way wa Toledo, waliowahi kutia mfuko wa karatasi wa kutupwa. Wana wapenzi wao, nao waandike tarehe yao.

Sasa wakusanyaji. Wa kwanza kuifanya kazi hii ijulikane mbele ya watu wengi ni Stan Kann wa St. Louis. Alikuwa mpiga kinanda cha mabomba wa Fox Theatre kwa miaka 22, na tangu utotoni alipenda vifyonza vumbi kuliko vitu vya kuchezea. Alikusanya zaidi ya mia. Kuanzia mwaka 1966 alialikwa kwenye kipindi cha televisheni cha Tonight Show, na kabla hajaacha alikuwa ametokea mara 77, akionyesha mashine zake za zamani mbele ya mwendesha kipindi Johnny Carson huku nyingine zikigoma au kuvunjika mkononi. Watazamaji walicheka, lakini waliokuwa na mashine ya bibi yao stoo waliacha kuitupa. Kann alifariki mwaka 2008. St. James, katika jimbo lake hilohilo la Missouri, palifunguliwa jumba la makumbusho ya vifyonza vumbi lenye mamia ya mashine, nyingi zikiwa zinafanya kazi. Na North Canton nyumba aliyokulia Hoover imegeuzwa makumbusho, ambamo Whirlwind ya McGaffey imehifadhiwa.

Kazi ya kufufua haina siri, ina subira. Mashine ikiletwa haichomekwi. Huo ndio mwiko wa kwanza, na anayeuvunja anaweza asipate nafasi ya pili. Waya za zamani zilivishwa mpira na uzi. Mpira huo umekauka, ukikunjwa unadondoka vipande, na shaba inabaki wazi ndani ya mwili wa alumini usio na waya wa ardhi. Fundi hubadilisha waya wote kwanza. Kisha hutazama umeme wenyewe, maana mashine ya Marekani ni ya volti 110 au 120, na ukiipa 240 mota itaungua papo hapo.

Baada ya hapo huifungua. Vumbi la miaka 80 halivutwi puani, barakoa ni lazima. Hutoa kaboni za mota, na zikiwa zimelika hadi karibu na springi hutafuta nyingine, akizisaga kwa msasa mpaka ziingie bila kukwama. Komuteta, ile shaba yenye mistari ambayo kaboni huisugua, husafishwa taratibu, na mfereji ulio kati ya vipande vyake hukwanguliwa ili cheche zisirukie upande wa pili. Beringi hupewa mafuta au grisi mpya. Feni hutazamwa kila bawa, kwa sababu katika mashine za ukoo wa Spangler uchafu wote hupita katikati ya feni kabla ya kufika mfukoni, na msumari mmoja uliofyonzwa mwaka 1930 unaweza kuwa umemega bawa. Feni yenye bawa pungufu hutetema na kula beringi. Mkanda wa mpira lazima ubadilishwe. Brashi iliyopukutika nywele husukwa upya, na fundi wa kusuka brashi hizo ni adimu kuliko mashine yenyewe.

Mota ikishakubali, ndipo ugomvi wa mwisho huanza, na huu huwatenga marafiki. Wapo wanaoipiga alumini polishi mpaka ujione uso. Wapo wanaosema mikwaruzo ni ya bibi aliyeitumia, isiguswe. Mimi nasimama na hawa wa pili katika jambo moja: kibati cha namba na maandishi ya mfuko wa kitambaa visisuguliwe. Nimeona Hoover iking'aa na kibati chake kimefutika, haijulikani tena ni ya mwaka gani wala ilitoka kiwanda gani. Mwili unaweza kung'arishwa mara ya pili, lakini herufi zilizosuguliwa hazirudi.

Kiwanda cha North Canton kilifungwa mwaka 2007, baada ya kampuni kupita mikononi mwa wamiliki kadhaa. Vipuri vya asili havitengenezwi tena. Kinachobaki ni mashine zilizo mikononi mwa wakusanyaji, na vibao wanavyoviweka mbele yake. Basi kila anayeonyesha Model O, awe na jumba la makumbusho au rafu moja sebuleni, aandike jina la James Murray Spangler juu na la Hoover chini yake. Hataza namba 889,823 ina jina la Spangler.